Amalize Kwanza, au Ashike Kilichopo?

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, Mombasa, mambo ya kijana anayesomea uzamili huzungumzwa mahali patatu. Wanaume huyazungumza barazani baada ya Isha, kahawa chungu ikizunguka. Mama huyazungumza jikoni na dada zake. Kijana mwenyewe huyazungumza na wenzake kwenye simu, usiku, mlango umeshafungwa. Kila upande una hesabu zake, na kila upande huamini kuwa wale wengine hawajui kitu. Naamini madhara mengi huanzia hapo, ndiyo maana katika mjadala huu nimezikalisha sauti hizo ukumbini pamoja. Wasemaji nimewabuni. Maneno yao ni ya aina inayosikika kutoka Kibokoni hadi Bondeni.

Hoja ni hii. Binti amemaliza masomo ya darasani ya uzamili, imebaki tasnifu. Kazi anatafuta, hajapata. Je, amalize kwanza, au ashike kilichopo? Wamo Ami yake, mstaafu wa bandari. Wakala wa forodha mwenye ofisi ndogo Moi Avenue. Mhadhiri anayefundisha kwa saa. Ndugu yake mdogo wa kiume. Mama, anayepika mahamri na mbaazi. Na Msomi mwenyewe.

AMI: Nianze mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. Bandarini niliingia kijana, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, shirika letu makao yake makuu yako Dar es Salaam. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata tukawa watu wa Halmashauri ya Bandari ya Kenya. Chuo sikusoma. Kazi ilinifundisha kazi. Nimejenga, nimeoza mabinti, nimehiji. Na msiseme mimi ni mtu wa makuli tu ndiyo maana nasema hivi: Sheikh Ahmed Nabhany hakupitia chuo kikuu, na maprofesa walikuwa wakimfuata hapa hapa Mombasa kumuuliza maneno ya Kiswahili. Mwanangu ana digrii moja tayari. Hii ya pili inamngojea nani?

MSOMI: Ami, niwie radhi. Mlango ulioingilia wewe umefungwa. Tangazo la kazi ya karani siku hizi lataka digrii na uzoefu wa miaka mitatu, na uzoefu huo siwezi kuupata mpaka mtu aniajiri. Lakini kabla sijatetea uzamili wangu, nataka niwaambie siku yangu ilivyo, kwa sababu sijawahi kuulizwa.

Alfajiri namsaidia Mama kusukuma mahamri. Saa mbili, wateja wakipungua, nafungua kompyuta. Mpaka adhuhuri natafuta kazi: nasoma matangazo, naandika barua, naupanga upya wasifu wangu ulingane na kila mwajiri. Barua nyingi hazijibiwi, hata kwa kukataliwa. Mchana, joto likizidi, nahamia kituo cha vijana cha Swahilipot, pale karibu na Fort Jesus, kwa sababu kuna intaneti, kuna upepo wa bahari, na kuna vijana wenzangu ambao hawaniulizi nimalize lini. Jioni narudi kwenye sura ya nne. Nikimpelekea msimamizi wangu, hupita wiki nyingi kabla hajanirudishia. Wageni wakija nyumbani huambiwa, "Huyu yuko tu." Mtu anayefanya kazi kuanzia alfajiri hadi saa tano za usiku, yuko tu.

Na kutafuta kazi kwenyewe kunakula pesa. Kazi ya umma inataka vyeti vya Sura ya Sita ya Katiba: cha kodi kutoka mamlaka ya ushuru KRA, cha bodi ya mikopo ya wanafunzi HELB, cha tume ya maadili, cha ofisi ya taarifa za mikopo, na cha mwenendo mwema kutoka polisi. Hicho cha mwenendo mwema peke yake ni shilingi 1,050 na foleni ya alama za vidole. Sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwajiri asidai vyeti hivi mpaka awe amekwisha kuamua kukuajiri. Bado nakutana na matangazo yanayovidai siku ya kwanza.

WAKALA: Mimi nina kazi, na nitaitaja hapa mbele ya watu. Nahitaji mtu wa kujaza nyaraka za forodha kwenye mfumo wa KRA, kufuatilia kontena bandarini Kilindini, kuzungumza na wateja wa Kampala na Kigali kwa simu. Mshahara si mkubwa. Nimeshaajiri wenye digrii. Hukaa miezi michache, wakishajua kazi huondoka. Nikikuchukua wewe na kichwa chako kiko kwenye tasnifu, nani atanihakikishia?

Tena mjue sisi tumetoka wapi. Agosti 2019 ilitoka amri kwamba mizigo yote ya kwenda Nairobi na nchi za bara isafirishwe kwa reli ya kisasa. Kontena likitoka melini linapakiwa treni, linakwenda kufunguliwa Embakasi, Nairobi. Sisi tuliokuwa tunalitoa hapa tukabaki tunaitazama treni. Wenye malori wakasimamisha magari. Watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Amri ikasitishwa kwa maneno, lakini mizigo haikurudi kama zamani, mpaka Septemba 2022 Rais Ruto alipotangaza, siku ile ile ya kuapishwa, kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Kwa miaka hiyo mitatu mimi nilipunguza wafanyakazi mpaka nikabaki na mmoja. Wakati huo wasomi mlikuwa wapi?

MSOMI: Nilikuwa nikijiuliza swali hilo hilo, na ndilo ninaloliandikia. Tasnifu yangu inahusu mawakala wadogo wa kisiwani kati ya amri ya 2019 na ile ya 2022: nani alifunga, nani alihamia Nairobi, nani aliachisha watu na akaendelea vipi. Ofisini kwako nilikuja. Ulinirudisha mlangoni.

WAKALA: Nilikurudisha kwa sababu wanafunzi huja na hojaji, tunajaza, halafu hatuwaoni tena. Sijawahi kuletewa hata ukurasa mmoja wa majibu. Tunawapa taabu zetu mnapata vyeti.

MWANDISHI: Nalisimamisha hapa neno la Wakala, kwa sababu ndilo zito kuliko yote yaliyosemwa mpaka sasa. Kisiwa hiki kimechunguzwa mno. Nyumba zake, milango yake, leso zake, bandari yake, lahaja yake, vyote vimeandikiwa tasnifu. Nyingi ya kazi hizo zimelala kwenye maktaba za vyuo, kwa Kiingereza, na mtu aliyehojiwa hajui kilichoandikwa juu yake. Mwanafunzi anayelalamika kuwa mji hauithamini shahada yake ana haki. Mji nao una haki ya kuuliza shahada hiyo imeurudishia nini. Mwenye kutafuta kazi Mombasa huku anaandika juu ya Mombasa angeanza kwa kurudi kwenye milango aliyoibisha, mikononi ana kurasa mbili za Kiswahili zinazoeleza alichokiona. Nasema hivi nikiamini kabisa kuwa barua ya namna hiyo ina nguvu kuliko wasifu.

MHADHIRI: Naunga mkono, ila tusimdanganye binti. Mimi nina uzamivu. Nafundisha kwa saa, katika vyuo zaidi ya kimoja, na malipo hukawia mpaka muhula mwingine unaanza. Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu inataka mhadhiri awe na uzamivu. Tuliitika, tukasoma, na nafasi za kudumu hazikuongezeka kwa kadiri tulivyoongezeka sisi. Kwa hiyo asiyemaliza akifikiri kuna kiti kinamsubiri chuoni, ajue sivyo.

AMI: Basi umenikubalia, Maalim.

MHADHIRI: Sijakukubalia. Namwambia amalize. Masomo ya uzamili yaliyoachwa njiani mara nyingi hayana cheti cha nusu. Ada imelipwa, miaka imekwenda, na kwenye wasifu hakuna cha kuandika. Nimewaona wengi: wanapata kazi, wanasema tasnifu nitaimalizia wikendi, mwaka unapita, msimamizi anahamia chuo kingine, data inachakaa, chuo kinadai ada ya kuongeza muda. Aliyebakiza sura mbili ana gharama kubwa zaidi kuacha kuliko kumaliza.

Na kwa nini tusimtaje Ali Mazrui? Alizaliwa mji huu mwaka 1933. Matokeo yake ya shule mwaka 1949 yalikuwa hafifu, Makerere hakupata nafasi. Akafanya kazi katika taasisi ya MIOME, ile iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni, ambayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor. Mwaka 1955 ndipo akaenda Uingereza. Digrii ya Manchester mwaka 1960, ya Columbia 1961, uzamivu wa Oxford 1966. Miaka yake ya kungoja haikumharibia kitu.

NDUGU MDOGO: Mimi mdogo, lakini niseme. Maalim, huyo Mazrui alikuwa ameajiriwa wakati anangoja! Na hiyo Oxford aliimaliza akiwa Makerere anafundisha, tena ameshakuwa profesa. Mfano wako unamsaidia Ami.

MHADHIRI: Unanisaidia mimi pia. Alishika kazi na hakuacha kusoma.

NDUGU MDOGO: Sawa, lakini alipelekwa kwa ufadhili. Dada yangu nani atampeleka? Rafiki zangu walikwenda Doha kabla ya Kombe la Dunia la 2022, wengine wako Muscat na Riyadh. Hawakungoja barua ya mtu. Mimi natafsiri na kunakili sauti mtandaoni, mwezi mmoja napata, mwezi mwingine sipati, lakini nanunua unga. Serikali ilianzisha Ajira Digital mwaka 2016 ikatwambia kazi ziko kwenye simu. Ziko, ila umeme ukikatika mchana mzima, mteja wa ng'ambo hajui Bondeni ni wapi wala hataki kujua. Nasema dada ashike vyote, kazi na tasnifu, na asione haya kazi ndogo.

MSOMI: Sioni haya kazi ndogo. Nimeomba hata mafunzo kazini ya Tume ya Utumishi wa Umma, ambayo hulipa posho ya kila mwezi. Ninachokiogopa ni kazi inayokula siku nzima na kunilipa nauli. Mtu akivuka feri ya Likoni alfajiri na kurudi usiku, sura ya nne ataiandika saa ngapi?

MAMA: Mmemaliza? Maana nimekaa hapa nawasikiliza, mnamgawa mwanangu kama mnaogawa samaki: kichwa kwako, mkia kwangu. Hakuna aliyeniuliza mimi, na mimi ndiye ninayelipa.

Ada ya muhula wa kwanza nilitoa pesa za chama. Ya pili niliuza bangili. Sijutii, na wala siwaambii ili mnihurumie. Lakini leo ndiyo mara ya kwanza nasikia anaandika juu ya mizigo ya bandarini. Nilidhani anaandika juu ya vitabu. Sijui zimebaki sura ngapi. Sijui ada iliyobaki ni kiasi gani. Nikiulizwa na jirani, "Bado hajamaliza?" nasema inshallah, na moyoni najua sijibu kitu. Watu wamekuja kuuliza habari zake, watu wazuri, nikawaambia wangoje. Wangoje mpaka lini? Ningewapa mwezi kama ningekuwa naujua.

MSOMI: Mama, nilinyamaza kwa makusudi. Mwaka jana nilikwambia nimeitwa kwenye mahojiano. Kabla ya Magharibi mtaa mzima ulijua. Nikikosa kazi nilikuwa naulizwa dukani, naulizwa harusini, naulizwa ngazini. Sisi sote hapa tumelelewa kuwa jambo lisitangazwe kabla halijatimia, kuna husuda, kuna jicho. Nikaona nikae na mipango yangu mpaka niwe na cha kuonyesha.

AMI: Na hapo hana makosa. Jambo la heri husitiriwa.

MHADHIRI: Husitiriwa kwa jirani, Ami. Kwa anayekulisha halisitiriwi, huambiwa. Wazee wetu walipofunga safari ya jahazi baharini, hawakuitangaza sokoni, lakini nyumbani waliacha hesabu: pesa za matumizi hizi, deni la fulani hili, nisiporudi kaskazi hii mwulizeni nahodha fulani. Huko kusitiri tunakokujua leo, kwa mtu kumficha hata mama yake, tumekutoa wapi?

MWANDISHI: Huu ndio msimamo wangu pia, na nitaueleza bila kuzunguka. Kijana wa uzamili Mombasa anabeba mizigo miwili, tasnifu na kutafuta kazi, na kwa kuogopa aibu anajitwika wa tatu, wa kuficha vyote viwili. Huo wa tatu ndio unaomvunja. Mama anaendelea kutoa pesa kwa mpango asioujua, kwa hiyo kila mwezi anatoa kwa wasiwasi. Kijana anapokea kwa aibu, anazidi kunyamaza.

Kimya hicho kina bei inayoandikika. Mkopo wa HELB wa shahada ya kwanza huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na mkopaji asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Wengi wasio na kazi hawafungui hata barua zao za HELB, wakitumaini siku wakipata kazi watalipa yote. Siku hiyo ikifika wanakuta faini imekuwa deni la pili, na jina limepelekwa kwenye ofisi za taarifa za mikopo. Kumwandikia mdai na kumweleza kuwa huna kazi hakufuti deni, lakini kunafungua mazungumzo ambayo kunyamaza kunayafunga. Nyumbani ni vivyo hivyo.

Kwa swali la mjadala: naona amalize, na naona ashike kazi, kwa masharti kwamba kazi iwe ya nusu wiki mpaka tasnifu itetewe, na kwamba mpango mzima uandikwe kwa tarehe na pesa, usomwe mbele ya wanaoulipia. Asiyeweza kupata mwajiri wa nusu wiki, basi miezi ya tasnifu iwe michache na ijulikane mwisho wake, na nyumba nzima iibebe kwa kujua. Kungoja kusiko na mwezi wa mwisho sikuungi mkono, hata kama chuo kinakuruhusu.

WAKALA: Nusu wiki nawezaje mimi? Meli haiji nusu wiki.

MSOMI: Meli haiji, lakini nyaraka huja kabla ya meli. Nipe za Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi mpaka Jumamosi niandike. Nipe miezi mitatu hivyo. Nikishatetea nakufanyia wiki nzima kwa mwaka mmoja, na hilo naliandika na kutia saini. Na kabla sijaanza nakuletea kurasa mbili za niliyoyapata kwa mawakala wenzako, bila majina yao. Uone kama ni kweli.

WAKALA: Mwaka mmoja kamili?

MSOMI: Mwaka mmoja. Baada ya hapo, ukiniongezea mshahara nitakaa, usiponiongezea nitaomba kazi bandarini kwa uzoefu wako na shahada yangu. Sitakuficha.

AMI: Huyu ameshajua biashara.

MAMA: Mie bado. Ada iliyobaki ni ngapi?

MSOMI: Ni ya muhula mmoja, na gharama za kuchapisha na kujalidi. Mshahara wa Wakala utalipa nusu. Nusu naomba kwako, mara ya mwisho, na HELB nitawaandikia wiki hii niwaeleze hali yangu, kisha nianze kulipa kidogo kidogo kutoka mshahara wa kwanza. Na wale waliokuja kuuliza, Mama, waambie baada ya mfungo sita. Wakiona mbali, ni haki yao.

NDUGU MDOGO: Na mahamri ya alfajiri nitasukuma mimi siku hizo tatu za kazi. Nisiambiwe baadaye kuwa sikusema.

MAMA: Nimesikia, na wengine wamesikia. Sasa mimi nina sharti langu. Hiyo sura ya nne uisome hapa, kwa Kiswahili, nielewe nilichokinunua.

MSOMI: Nitaisoma Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Ami awepo, kwa sababu nimeandika habari za bandari ya zamani na nahofia nimekosea mpangilio. Na Wakala awepo pia. Kuna jedwali moja la gharama za kontena kutoka Kilindini hadi Embakasi, msimamizi wangu amelipitisha, lakini mimi sina hakika kama ada ya kuhifadhi mzigo nimeihesabu mara moja au mara mbili.